Msimamizi wa Bima Apimwe kwa Siku ya Hasara

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo wengi wetu huitaja kwa kifupi TIRA, imetwikwa kazi mbili ambazo kwa nje zaonekana pacha, ilhali kwa ndani aghalabu huvutana: ya kwanza ni kuikuza biashara ya bima ili ienee katika nchi, na ya pili ni kumlinda mtu anayetoa fedha yake leo kwa ahadi ya kufidiwa kesho akipatwa na msiba. Kazi ya kwanza ina sauti kubwa, kwa kuwa matunda yake huhesabika upesi na hutangazwa katika mikutano. Ya pili hufanyika kimya, faili baada ya faili, na anayefaidika nayo ni mjane, au mkulima, au kijana aliyevunjika mguu, ambaye hana mwandishi wa habari wa kumfuata. Ninadai katika makala haya, na ninadai kwa moyo wangu wote, kwamba kazi ya pili ndiyo msingi wa ya kwanza, na kwamba sisi wakazi wa Mtwara na wa ukingo wa Ruvuma tuna sababu zetu mahsusi za kutaka itangulizwe.

Taifa limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 nusu ya watu wazima wawe wanatumia bima, na viongozi hutukumbusha, nao husema kweli, kwamba ada zote za bima nchini bado ni takriban asilimia 2 tu ya pato la Taifa. Siyakatai malengo hayo. Walakini yote mawili hupima kile kinachoingia katika mikono ya makampuni, wala hayapimi kile kinachotoka kumrudia mwananchi. Na bima ni biashara ya peke yake katika jambo hili. Mtu anunuaye kanga sokoni huishika, huikunjua, huitazama pindo na mji, na akiona kasoro huirudisha palepale kabla hajatoa senti. Anunuaye bima hutoa fedha kwanza, hupewa karatasi au ujumbe wa simu, na uzuri au ubaya wa alichokinunua haumdhihirikii mpaka siku nyumba yake imeungua, au chombo chake kimezama, au mwanawe amegongwa njiani, yaani siku ileile ambayo hana nguvu wala utulivu wa kugombana na mtu yeyote. Ndiyo maana dola zote zenye busara zimeweka msimamizi juu ya biashara hii, na ndiyo maana msimamizi huyo hana budi kupimwa kwa siku ya hasara kuliko siku ya mauzo.

Wasomaji wa rika la wazee watakumbuka kwamba ulinzi wa namna hii ni jambo geni kwetu. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, likawa mali ya umma lote baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na likabaki peke yake katika soko la Bara kwa muda wa takriban miaka thelathini, ilhali Unguja nako likaundwa shirika lake mwaka 1969. Katika zama hizo aliyeuza bima na aliyetazamiwa kusikiliza malalamiko walikuwa nyumba moja, wala hapakuwa na wa tatu wa kuamua baina ya mteja na mwenye kumlipa. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, ikaunda idara ya usimamizi. Kisha Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaipa nchi Mamlaka hii tuliyo nayo, na pamoja nayo ikaweka ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa hiyo mwananchi aliyezaliwa mwaka wa uhuru alikwisha kuwa mtu mzima mwenye wajukuu kabla ya kupewa mlango wa kubisha akidhulumiwa fidia yake. Si ajabu basi kwamba wengi hawajui kuwa mlango huo upo.

Na tuitazame sasa pwani yetu, kwa kuwa hatari za mahali ndizo zinazoonyesha kama bima ya mahali hapo ina maana au haina. Mwambao huu umezoea kuambiwa kwamba vimbunga ni mambo ya Msumbiji, ya Bukini na ya visiwa vya mbali, lakini tarehe husimulia kisa kingine. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na majumba. Mwezi wa Aprili 1952 kikaipiga Lindi, jirani zetu wa karibu. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya watu wa Mtwara kutahadharishwa wahamie mahali pa usalama, na kilichowapata watu wa Ibo na Macomia ndicho ambacho kingetupata sisi lau upepo ungeshika njia yake kidogo tu kaskazini. Kisha mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Mvuvi wa Msimbati au wa Msangamkuu hahitaji kuelezwa hayo, maana yeye huijua miezi hii ya kukatika kwa kaskazi na kuingia kwa kusi kuwa miezi isiyo na dhamana.

Sasa mwulize mwenye duka wa Mikindani aliyekata bima ya moto kwa ajili ya duka lake, naye akaondoka ofisini kwa wakala akiamini kwamba mali yake imo katika himaya, je, tufani imo? Mafuriko yamo? Aghalabu hajui, na aghalabu hayamo, kwa kuwa bima ya moto katika umbo lake la asili hukinga moto, radi na mambo machache yaliyo karibu na hayo, na zaidi ya hapo huongezwa kwa kulipa ziada ambayo hakuambiwa kwamba ingewezekana kulipwa. Mwulize tena kuhusu ghasia. Mji wetu hauhitaji kukumbushwa Mei 2013, wakati mgogoro wa bomba la gesi ulipogeuka moto mitaani, watu wakapoteza roho zao, na nyumba na majengo yakateketea. Wala vijiji vya mpakani havihitaji kukumbushwa Oktoba 2020, wakati washambuliaji walipovuka Ruvuma wakaingia Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Vita, uvamizi na ugaidi ni katika vighairi vya kawaida vya mikataba ya bima ya mali duniani kote, na machafuko ya raia mara nyingi hutengwa vilevile mpaka mteja aombe yaongezwe. Yaani mkazi wa ukanda huu akizihesabu hofu zake tatu kubwa, tufani, ghasia na vita vya jirani, huenda akakuta kwamba bima aliyoilipia kwa uaminifu haimkingi hata na moja katika hizo.

Silisemi hili kuwalaumu wenye makampuni kwa kuweka vighairi. Hakuna bima isiyo na mipaka, na anayeahidi kulipa kila kitu hatimaye hatalipa chochote. Ninalolaumu ni kwamba vighairi huandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali tangu mwaka 2021 Bunge limekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Jamhuri hii. Jambo la kwanza ninaloliomba kwa Kamishna wa Bima, Dkt. Baghayo Saqware, na kwa Mamlaka anayoiongoza, ni agizo moja lisilo na mwanya: kwamba kabla ya fedha kupokewa, mteja akabidhiwe ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha, wenye herufi za kusomeka, unaotaja yale ambayo bima hiyo haitalipa, ukurasa huo usomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, wakala atie sahihi yake kwamba ameusoma, na pasipo ukurasa huo vighairi visiwe na nguvu dhidi ya mteja. Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya agizo, kwa sababu kampuni itakayojua kwamba itapoteza kinga yake kwa kunyamaza haitanyamaza.

Hapa sina budi kukaa kidogo juu ya korosho, maana huko ndiko walio wengi wetu waliko, na huko ndiko bima ilikoingia pasipo kubisha hodi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho mwaka 2007, mkulima wa Tandahimba, Newala, Masasi au Nanyamba hupeleka mzigo wake kwenye chama chake cha msingi, mzigo ukaenda ghala kuu, naye akangoja mnada na malipo. Katika siku hizo za kungoja mali bado ni yake, lakini haipo mkononi mwake. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliona hatari hiyo, ikataka mwendesha ghala awe na bima. Basi mkulima yule asiyewahi kuingia katika ofisi ya bima hata siku moja, ambaye wasomi wa takwimu humhesabu kuwa nje ya soko, tayari mali yake imo ndani ya mkataba wa bima kila msimu, na gharama za uendeshaji wa ghala ni katika yale makato anayoyaona kwenye hesabu yake. Je, amewahi kuuona mkataba huo? Anajua unakinga moto peke yake, au pia wizi, unyevu na udanganyifu wa mtunza ghala? Anajua kiasi kilichokatiwa bima kinalingana na thamani ya korosho zilizomo Novemba ghala linapofurika, au kinalingana na za Septemba ghala likiwa tupu? Maana ikiwa kiasi kilichobimwa ni nusu ya thamani, desturi ya bima ni kwamba hasara nayo hulipwa kwa kadiri hiyo, na nusu nyingine humwangukia mwenye mali.

Mamlaka ingeweza, kwa kushirikiana na wasimamizi wa maghala na wa vyama vya ushirika, kuagiza kwamba muhtasari wa bima ya kila ghala ubandikwe mlangoni pa ghala na katika ofisi ya kila chama cha msingi kabla msimu haujafunguliwa. Halina gharama jambo hili. Lakini lingemgeuza mkulima kutoka kuwa mtu anayebimwa kama gunia, akawa mtu mwenye haki anayoijua.

Kisha kuna bima ya mazao yenyewe, ambayo mwaka 2023 makampuni kadhaa yaliungana kuiendesha kwa pamoja kwa himizo la Serikali, na hiyo ni hatua njema ambayo wengi tuliitamani kwa muda mrefu. Nasaha yangu ni kwamba bima ya mahindi isihamishwe ikavikwa nguo ya korosho. Mkorosho hauogopi sana ukame. Una mizizi mirefu na subira. Adui zake ni ubwiriunga unaoyakausha maua katika miezi ya baridi, na ukungu, na mvua za nje ya msimu zinazolowesha maua au kuziharibu korosho zilizokwisha kuanguka chini. Mkataba unaolipa pale setilaiti inapoonyesha kwamba mvua imepungua utamwacha mkulima wa Newala bila kitu katika mwaka wa mvua nyingi, nao ndio mwaka unaoweza kumfilisi, na atakapoambiwa kwamba kwa mujibu wa vipimo eneo lake halikupata janga, ataiona bima kuwa ni hadaa, wala hatarudi tena, wala mwanawe. Tunacho hapa Mtwara kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kinaijua korosho kuliko ofisi yoyote ya bima iliyoko Dar es Salaam au Dodoma. Pasiidhinishwe mkataba wowote wa bima ya korosho kabla wataalamu wa Naliendele hawajaulizwa kama jambo linalopimwa ndilo kweli linaloleta hasara.

Barabarani mambo yako mbele zaidi, na haki inanitaka niseme hivyo. Zamani stika za karatasi zilighushiwa hata vichochoroni. Leo mtu yeyote mwenye simu aweza kuingiza namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka akajua kama gari hilo lina bima ya kweli na ya kampuni gani, na kwa jambo hilo Mamlaka inastahili shukrani. Lakini tumeishia katika kumkagua mwenye gari, tukamsahau aliyegongwa. Ile bima ndogo ambayo mwenye gari la binafsi amekuwa akiilipia shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwamo, haikuwekwa na sheria kwa ajili ya gari lake, wala kwa ajili ya askari wa barabarani. Imewekwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu wa Magomeni, na mama muuza samaki wa Ferry, na abiria wa bodaboda, ili wakiumizwa wasiachwe na majeraha yao na umasikini wao. Hao ndio wenye bima hiyo kwa hakika, nao ndio wasiojua kwamba wanayo. Mtu hupewa fomu namba 3 ya polisi akaenda hospitali, akauza mbuzi wake kwa ajili ya matibabu, akapatana na dereva kwa vielfu vichache mbele ya wazee, na kampuni iliyopokea ada kwa ajili ya ajali ileile haisikii habari, wala haiulizi.

Dawa yake si ngumu. Askari anayejaza fomu ya majeruhi tayari anayo namba ya chombo kilichomgonga, na mfumo unaonyesha bima. Mamlaka na Jeshi la Polisi wapatane kwamba majeruhi wa barabarani apewe pamoja na fomu yake karatasi yenye jina la kampuni iliyokibima chombo hicho, na maelezo ya Kiswahili ya namna ya kudai, na muda ambao dai hilo halitapokelewa tena ukipita. Kwa karatasi hiyo moja watu wengi zaidi watajua faida ya bima kuliko kwa matangazo ya mwaka mzima.

Nitapita haraka juu ya mikopo, ingawa inawagusa walimu, wauguzi na watumishi wengi wa mkoa huu. Mabenki yameruhusiwa kuuza bima kwa mwongozo wa mwaka 2019, na anayekopa hukatwa bima ya mkopo siku ileile anapopokea fedha. Muradi wake ni kwamba akifa, deni linalipwa na warithi wanaachwa salama. Lakini mjane hana nakala, hakumbuki kuambiwa, na katika huzuni ya eda hawezi kwenda kuuliza lile asilolijua. Benki inayopokea habari ya kifo cha mkopaji aliyebimwa ilazimishwe kudai yenyewe, na kuwaandikia warithi kwamba deni limekwisha.

Sasa tufike kwenye mgogoro wenyewe, pale kampuni inapokataa kulipa, au inapolipa kidogo, au inapokaa kimya, na kukaa kimya ndiko kunakovunja watu moyo zaidi. Katika madai mengi mambo huamuliwa na mkadiria hasara, mtu mwenye elimu na leseni, lakini anayelipwa na kampuni ileile inayotazamiwa kulipa. Nimeshuhudia mfanyabiashara wa samaki wakavu akiletewa karatasi ya kukiri kwamba ameridhika, akaambiwa atie sahihi ndipo apewe fedha, naye hakujua kwamba sahihi hiyo ilikuwa inafunga mlango wa kudai zaidi. Alitia sahihi kwa kuwa watoto walikuwa wanangoja ada ya shule. Mamlaka ina uwezo wa kusema kwamba karatasi kama hiyo haitakuwa na nguvu mpaka mteja apewe nakala ya ripoti ya ukadiriaji na siku kadhaa za kushauriana na mtu amwaminiye. Na kwa hasara kubwa mteja apewe haki ya kuteua mkadiria wa pili, gharama zake zikilipwa na kampuni iwapo ukadirio wa kwanza utaonekana kuwa pungufu.

Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yuko kwa ajili ya kadhia hizi, na mlalamikaji halipishwi kwa kusikilizwa. Lakini ofisi yake iko Dar es Salaam. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na kutoka Nanyumbu ni mbali zaidi. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea huweza kuimeza fidia ndogo kabla haijatolewa hukumu. Haki isiyofikika kwa nauli ya masikini ni haki ya tajiri peke yake, hata kama sheria imeiandika kwa watu wote. Mamlaka imeweka hapa mjini ofisi ya Kanda ya Kusini. Basi na Msuluhishi naye afanye duru yake kusini, kama mahakimu walivyofanya duru tangu zamani, aketi Mtwara, Lindi, Masasi na Newala katika tarehe zinazotangazwa misikitini, makanisani na katika redio zetu, na hasa baada ya minada, wakati wakulima wana nafasi na nauli. Na pale hata hilo lisipowezekana, simu zipo, na shauri dogo laweza kusikilizwa kwa simu pasipo mtu kuondoka kijijini kwake.

Jambo jingine la mwambao huu halipaswi kupuuzwa na msimamizi wa kutoka bara: wapo waumini wengi wa Kiislamu ambao hawakukataa bima kwa ujinga wala kwa uzembe, bali kwa dhamiri. Wanavyuoni wa fiqhi wameijadili kwa kina kwa sababu ya gharari, yaani mashaka katika mkataba, na maisiri, yaani kamari, na riba inayoingia katika uwekezaji wa ada. Na Baraza la Fiqhi lililoketi Jeddah mwaka 1985 lilikataza bima ya kibiashara, likaruhusu ile ya kusaidiana, ambayo Sudani ilikwisha kuianza mwaka 1979 na ambayo leo huitwa takaful. Kusaidiana si jambo la kufundishwa mwambao huu. Waarabu wa kale walilipa diya kwa ukoo mzima ili mmoja asiangamie, mabaharia wa Bahari ya Hindi waligawana hasara ya shehena iliyotoswa ili jahazi liokoke, na mama zetu huchangiana katika misiba pasipo kuandikiana. Takaful imekwisha kuruhusiwa nchini, na ni vyema. Lakini jina takatifu halimlindi mtu. Msimamizi ahakikishe kwamba mfuko wa wachangiaji umetengwa kweli na mfuko wa kampuni, kwamba ziada inawarudia waliochanga, na kwamba wanazuoni wanaoidhinisha mikataba si watumishi wa mtu wanayemkagua. Kwani atakayemdhulumu mwananchi kwa kutumia dini yake atakuwa amemdhulumu mara mbili.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba soko letu ni changa, kwamba masharti mengi huongeza gharama na kuwafukuza wawekezaji, na kwamba wapo pia wateja walaghai, wanaochoma maduka yao wenyewe na kughushi vyeti vya hospitali. La mwisho ni kweli, na mlaghai huyo huwaibia wenziwe waliolipa ada kwa uaminifu, basi na aadhibiwe bila huruma. Lakini la kwanza halina nguvu mbele ya yaliyotokea kwa jirani. Nchini Kenya makampuni yaliyojaza mabasi na matatu kwa ada rahisi yaliporomoka moja baada ya jingine, United Insurance mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na watu waliokwisha kupata hukumu mahakamani wakabaki na karatasi zisizo na mlipaji. Ulegevu wa msimamizi haukuwasaidia wawekezaji. Uliwafanya wale waaminifu wabebe jina baya la walioanguka. Ukali wa mapema juu ya mitaji na ulipaji wa fidia ni huruma kwa mteja na kwa kampuni njema pamoja.

Baada ya Soko la Kariakoo kuungua tarehe 10 Julai 2021, sheria ya fedha ya mwaka 2022 iliifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara na vyombo vya majini vikiwamo vivuko. Lazima hiyo inazidisha dhima ya Mamlaka, kwani dola inapomlazimisha mtu kununua kitu, imechukua juu yake dhamana ya kwamba kitu hicho kitafaa. Soko la Mtwara, kivuko cha Msangamkuu na abiria wake, mashua zinazobeba watu kwenda visiwani, vyote vimo katika lazima hiyo au pembezoni mwake. Na wachuuzi na abiria wanastahili kujua, kabla ya moto na kabla ya tufani, ni nani atalipwa, kiasi gani, na kwa muda gani.

Kwa hiyo ninaiomba Mamlaka ichapishe kila mwaka, mkoa kwa mkoa na kampuni kwa kampuni, hesabu ya madai yaliyopokewa, yaliyolipwa, yaliyokataliwa na sababu zake, na siku mteja alizongojeshwa. Na hesabu hiyo ibandikwe katika ofisi za wilaya, si katika ripoti za wataalamu peke yake. Na kwa wewe msomaji uliye mwanachama wa chama cha msingi, mkutano mkuu wa chama chako utakapoitishwa kabla ya msimu huu wa korosho, simama, mwombe katibu kwa adabu alete mkataba wa bima ya ghala, ausome mbele ya wanachama kwa Kiswahili, na asipokuwa nao andika hivyo katika kumbukumbu za mkutano, kisha nakala yake uipeleke katika ofisi ya bima ya Kanda iliyopo hapa Mtwara.